Joho Lenye Matundu Saba: Sufu, Huangpu na Ukoo Wetu

Katika lugha yetu hakuna vazi lililobeba heshima kama joho. Kanzu huvaliwa na kila mtu, na kofia huvishwa mtoto siku aanzapo chuo. Joho lilikuwa la kadhi, la liwali, la bwana harusi, na la mzee aliyeketi barazani asubuhi ya Idi na jambia lake kiunoni. Kwa sisi tuliotawanyika, wengine Maskati na Dubai, wengine London na Toronto, wengine tungali Unguja na Mombasa, joho la babu ndicho kitu cha kwanza tukitajacho mtu anapotuuliza asili yetu. Tunamwambia kwamba tulitoka Omani, na hilo ndilo vazi tulilokuja nalo.

Joho la ukoo wetu ni jeusi, lina kasabu ya dhahabu shingoni na kwenye kingo za mbele, na lina matundu saba. Liliondoka Unguja mwaka 1964 likiwa limeviringishwa ndani ya mkeka, likafika Maskati, likatiwa katika sanduku la njumu pamoja na karafuu za kufukuza nondo. Karafuu zilikauka, hapakuwa na mtu wa kuzibadilisha, na nondo wakafanya kazi yao. Tangu mwaka jana jamaa wamekuwa wakishauriana lifanyweje. Ami yangu mkubwa anasema linunuliwe bisht jipya la Ghuba na lile la zamani litunzwe sandukuni. Bin-ami yangu wa Toronto anataka litiwe ndani ya fremu ya kioo na kutundikwa. Shangazi anauliza nani atalivaa harusini ikiwa liko ukutani. Mimi nilisema litengenezwe, na kwa kuwa ninaishi Guangzhou, katika wilaya ya Huangpu, mahali ambapo sufu ya kila rangi hupatikana kwa bei ndogo, nikapewa kazi hiyo. Makala haya ni maelezo yangu kwa ukoo mzima kabla sijaichoma sindano katika nguo ya babu.

Tuanze na jina. Neno joho tumelipata kwa Waarabu, wasemao jukh, nao walilipokea kutoka kwa Waturuki, waitao kitambaa hicho çuha. Neno hilo lilitaja kitambaa kabla ya kutaja vazi: sufu nzito, laini juu, isiyoonyesha nyuzi zake. Na kitambaa hicho, katika karne ya 18 na ya 19, kwa sehemu kubwa hakikufumwa Omani wala Uturuki. Kilitoka Ulaya, na kilichokuwa kikisifiwa sana kilifumwa katika mabonde ya Gloucestershire na Wiltshire, kusini-magharibi mwa Uingereza. Mji wa Stroud na vijiji vyake ulijulikana kwa rangi nyekundu iliyovikwa askari wa mfalme wao.

Namna kilivyotengenezwa inatuhusu, maana ndiyo itakayotuonyesha jinsi ya kukitengeneza tena. Mfumaji alikifuma kitambaa kwa upana mkubwa kuliko uliohitajika, kikatoka mtandani kikiwa kimelegea kama gunia. Kisha kikapelekwa kwenye kinu cha maji. Huko gurudumu la mto liliinua nyundo kubwa za mti, zikakiponda kitambaa kilicholowa kwa saa nyingi pamoja na udongo wa kufulia au sabuni. Unywele wa sufu, ukiutazama kwa hadubini, una magamba madogo kama ya samaki. Ukipata joto, maji na msuguano, magamba hayo hushikana na ya jirani yake, na yakishashikana hayaachani. Kitambaa husinyaa, huwa kinene, na nyuzi zake hupotea. Kilichotoka kinuni kilikuwa kimefumwa, lakini kilikuwa pia kimegandamana. Wafundi wa leo huiita sufu iliyogandamana hivyo felti. Ndiyo sababu joho ukilikata kwa mkasi halifumuki. Tazameni ukingo wa chini wa joho la babu: haukukunjwa wala kupigwa pindo, umekatwa tu, na baada ya miaka yote hiyo hakuna uzi hata mmoja unaoning'inia.

Kwetu pwani sufu haikuwako. Kondoo wetu, wa pwani na wa bara, ni wa nywele fupi na mkia wa mafuta. Humchinja ukala, humkati manyoya ukafuma. Ukitaka kujua jinsi sufu ilivyokuwa ngeni, utazame mti wa msufi. Wazee wetu waliona pamba laini ikitoka katika maganda yake, wakaupa jina la suf, neno la Kiarabu la manyoya ya kondoo, kwa kuwa ndicho kitu walichokuwa wakikisikia kikisifiwa kwa ulaini. Hata leo tunalalia mito ya sufi iliyotoka mtini. Na Zhao Rukuo, ofisa wa China aliyesimamia biashara ya bandari ya Quanzhou, alipoandika mwaka 1225 habari za nchi ya Cengba, ambayo wanahistoria wengi huisoma kuwa ni pwani ya Zanj, alisema watu wake hujifunga nguo za pamba za buluu na kuvaa viatu vyekundu vya ngozi, na hula nyama ya kondoo. Kondoo wako katika sahani; vazi ni pamba. Sioni sababu ya kumkatalia.

Kwa hiyo joho lilipofika, lilifika kama mgeni wa gharama. Richard Burton, aliyepita njia ya misafara kati ya 1857 na 1859, aliliorodhesha miongoni mwa vitambaa vilivyobebwa bara pamoja na merikani na kaniki. Merikani ilikuwa ya kila siku, ya posho na ya kulipia mapagazi; joho, hasa jekundu, lilikuwa zawadi ya watemi. Nani basi alikuwa mwenye joho? Mtemi wa Unyamwezi alilivaa kwa fahari ileile aliyokuwa nayo babu yetu barazani, na wote wawili walikuwa wamevaa kondoo wa Kiingereza.

Sasa nije Huangpu, maana baadhi yenu mmeniuliza kwa nini nalihusisha joho la Omani na mahali hapa.

Wazungu waliandika jina la Huangpu kama Whampoa. Tangu mwaka 1757, dola ya Qing ilipowaamuru wafanyabiashara wa Ulaya watumie bandari moja tu, hadi mkataba wa Nanjing wa 1842, kila jahazi kubwa la kigeni lililokuja kununua chai lilitia nanga hapa. Halikuruhusiwa kupanda mto zaidi. Shehena yake ilishushwa katika mashua za Kichina na kupelekwa kiasi cha kilomita 20 hadi kwenye maghala ya wageni kando ya ukuta wa Guangzhou. Na ndani ya majahazi ya Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki, shehena kubwa iliyoandamana na fedha ilikuwa sufu: joho lenyewe, na vitambaa vyepesi vya Devon na vya Norwich.

Sufu, katika mji ambao nusu ya mwaka mtu hutokwa na jasho akiwa amekaa! Kampuni ilijua. Kwa miaka mingi iliuza sufu yake Guangzhou kwa hasara, ikafidia kwa faida ya chai. Haikuweza kuacha, kwa sababu wafumaji wa Uingereza na wabunge wao walidai kwamba kampuni yenye haki ya pekee ya biashara ya mashariki ibebe kazi ya mikono ya nchi yake. Wafanyabiashara wa Kichina waliopewa leseni walilazimika kuipokea sufu kwa kadiri ya chai waliyouza: ukitaka kuuza chai nyingi, chukua joho jingi. Wao nao waliisukuma kaskazini, kwenye majira ya baridi ya kweli. Mwaka 1793 balozi Macartney alipofika kwa mfalme Qianlong akiomba milango zaidi ifunguliwe, alijibiwa kwamba China haina haja na bidhaa za nchi yake. Yaliyofuata, kasumba na vita, mnayajua.

Bahari hii na ile yetu hazikuwa mbali kama ramani za shule zilivyotufanya tudhani. Mwishoni mwa 1832 manowari ya Kimarekani iitwayo Peacock ilifika katika mlango wa mto huu, ikimchukua mjumbe Edmund Roberts, naye akakaa Guangzhou wiki kadhaa. Kutoka hapa aliendelea hadi Siam, kisha akaenda Maskati, na tarehe 21 Septemba 1833 akatia saini mkataba wa biashara na Seyyid Said. Ni mkataba huo ulioimarisha njia ya merikani kuja Unguja. Miaka saba baadaye, mwaka 1840, Seyyid Said alituma jahazi lake Sultana hadi New York chini ya Ahmad bin Naaman. Pamoja na tende, pembe na karafuu, lilichukua mabunda 21 ya mazulia ya sufu ya Kiajemi. Sufu ilikuwa ikipita mikononi mwetu katika pande zote mbili, ikija imegandamana na ikienda imefumwa, nasi tukiwa katikati tumevaa pamba.

Jambo lililonifurahisha zaidi hapa ni dogo. Nilipoanza kununua uzi wa kufumia katika soko la vitambaa la Zhongda, niliwasikia wauzaji wakiuita laang. Hilo ni neno la Kikantoni la mjini, na asili yake ni laine ya Kifaransa, yaani sufu. Watu wa Guangzhou walimpa mgeni jina alilokuja nalo. Nasi tukafanya vilevile mara mbili, sufu kwa Waarabu na joho kwa Waturuki. Miji miwili ya joto, kila mmoja ukilitamka neno la mtu wa baridi kana kwamba ni lake.

Nililipa dukani nikiwa nimeshika uzi mwekundu, na muuzaji akanionyesha jinsi ya kuujaribu. Alikata kipande akakitia moto wa kiberiti. Sufu halisi hunuka kama nywele zilizoungua, huzimika yenyewe ukiuondoa moto, na huacha jivu linalopondeka kwa vidole. Uzi wa plastiki huyeyuka ukawa kidonge kigumu. Jaribio hilo mlishike, kwa sababu uzi mwingi unaouzwa siku hizi kwa jina la sufu haujawahi kumwona kondoo, na uzi wa namna hiyo hata ukichemshwa mchana kutwa haugandamani.

Ami yangu alipopata habari kwamba ninajifunza kufuma alicheka simuni, akaniambia hiyo ni kazi ya wanawake na kwamba babu angeshangaa. Nilimjibu kwa adabu, maana ami ni baba. Nilimkumbusha kwamba kofia ya viua anayoivaa, ile ambayo Omani huitwa kumma na ambayo ndugu zetu waliorudi kutoka Unguja waliichukua kwenda nayo, Lamu hushonwa na wanaume pia, wakiwa wamekaa barazani. Nilimkumbusha pia wafumaji wa mazulia wa Jabal Shams, wanaume wenye ndevu nyeupe, wafumao sufu na nywele za mbuzi kwa mistari myekundu na myeusi. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza uzi unauzwaje.

Hata hivyo kazi iliyonifungua macho si ya Omani. Ni ya Tunis. Mwaka 1609 mfalme wa Hispania alianza kuwafukuza Waislamu waliobatizwa kwa nguvu, na maelfu yao wakavuka hadi Tunis. Walichukua nini? Pamoja na mengine walichukua ufundi wa kofia nyekundu iitwayo chechia. Wanawake huifuma kwa sindano na sufu nyeupe, kubwa mno, kiasi kwamba ukiiweka kichwani hufika mabegani. Kisha hupelekwa kufuliwa kwa maji moto na sabuni na kupondwa mpaka isinyae ikaribie nusu ya ukubwa wake, na vishono vyote vipotee. Baadaye hukwaruzwa kwa vichwa vya miiba ya mmea maalumu ili juu yake pawe laini kama mahameli, hutiwa rangi nyekundu, na kukalibiwa umbo. Tarbushi ya Kituruki ni ya ukoo huo. Kwa hiyo ile tarbushi yenye kishada ambayo katika picha zetu za zamani iko juu ya vichwa vya makarani na walimu, na ile iliyovaliwa na askari wa King's African Rifles, ilianza ikiwa imefumwa kwa sindano kama sweta, na kumaliziwa kwa kugandamizwa. Wahamiaji waliofukuzwa bila ardhi wala nyumba walivuka bahari na ufundi ambao mpekuzi wa forodhani hawezi kuuona.

Basi nikaanza na binti zangu wawili, sisi sote tukiwa wanafunzi. Januari hapa Guangzhou si baridi ya kutisha, lakini nyumba nyingi hazina vifaa vya kupasha joto na baridi hukuingia mifupani. Ni majira mazuri ya kukaa na beseni la maji moto. Niwaeleze tulivyofanya, kwa ajili ya watoto wenu, maana nimeulizwa na jamaa wa Toronto na wa London ambao wana baridi ya kutosha.

Kazi ya kwanza kabisa haina sindano. Twaa sufu isiyosokotwa, ile inayouzwa ikiwa kama pamba, ya rangi tatu au nne. Binti mdogo alichagua njano, nyekundu na kijani, kama soko la matunda la Darajani. Chana vipande vyembamba, vipange kimoja hivi na kingine kukikata, viringisha mviringo wa ukubwa wa ndimu. Uchovye katika maji moto yenye sabuni ya mche, uuviringishe viganjani taratibu sana, kama unavyoviringisha kachori. Mwanzoni utaona kama umeshika kitu kilichooza. Usikate tamaa, wala usikamue kwa nguvu. Baada ya dakika kumi hivi utausikia ukianza kukaza mkononi. Hapo ndipo unaongeza nguvu. Suuza kwa maji baridi, rudia kwa moto. Mwisho wake una mpira mgumu unaodunda, wenye rangi zilizoingiana ambazo huwezi tena kuzitenganisha. Tulifanya kumi na mbili, tukazitunga ukawa ushanga.

Kazi ya pili ni kipande cha kufuma. Tumia sindano nene kuliko zile zinazopendekezwa kwa uzi wako, ili kitambaa kilegee, maana sufu inahitaji nafasi ya kujongea. Fuma mraba wa sentimita 20 kwa 20 kwa kishono cha kawaida kabisa, na uuandike vipimo vyake. Kisha uufue kwa maji moto na sabuni, uusugue kwa mikono miwili, uupige ukingoni mwa beseni, uutie maji baridi, urudie. Upime tena. Wetu ulishuka hadi sentimita 16 kwa urefu, upana ukapungua kidogo tu. Bila kipimo hicho hujui kofia yako uianze na vishono vingapi, na hapa ndipo wanaoanza huharakisha. Mambo mawili ya kujihadhari: uzi ulioandikwa kwamba unafulika kwa mashine umepakwa dawa ya kuyalaza magamba, hautagandamana, na uzi mweupe pe, uliopaushwa, hugandamana kwa shida. Rangi nyekundu uifue peke yake mara ya kwanza, na maji ya mwisho yawe na siki kidogo.

Kazi ya tatu ndiyo kofia, nayo huanza kama kichekesho. Binti mkubwa alifuma kitu kikubwa kama pakacha, mistari ya buluu na ya rangi ya chungwa, akamvika baba yake mpaka kidevuni. Tuliifua sote watatu kwa zamu jioni nzima. Ilipofika kipimo tuliivisha kwenye bakuli lililopinduliwa, tukaiacha ikauke. Ni kofia yenye kusimama yenyewe, bila kanji.

Baada ya hapo niliweza kulitazama joho bila woga. Lililetwa kwangu mwezi Oktoba na bin-ami anayekuja kila mwaka kwa Maonyesho ya Canton. Maonyesho hayo, yaliyoanza mwaka 1957, leo hufanyika Pazhou, na karibu na majengo yake ungali mnara uleule wa kale ambao mabaharia wa majahazi ya chai waliutumia kujua kwamba wamekaribia Huangpu. Tulikaa hotelini kwake tukalikunjua. Bin-ami alitazama dirishani, akatazama joho, akasema: «Kumbe limekuja nyumbani kwa shangazi yake.»

Sindano ya kazi hii ina meno madogo ubavuni. Unaweka sifongo chini ya tundu, unajaza sufu nyeusi isiyosokotwa, nyembamba kama utando, na unachoma wimawima, mara mia, mara mia mbili. Kila mchomo huusukuma unywele mpya kati ya nywele za zamani mpaka zishikane. Kwa pamba hilo haliwezekani. Linawezekana kwa joho kwa sababu lilikwisha kugandamizwa tangu kinuni. Kitambaa kilichogandamana hukubali kuongezwa. Nimelijaribu kwanza juu ya kipande cha blanketi kuukuu, mara tisa, mpaka kidole kikashindwa kukisia tundu lilikuwa wapi.

Sufu niliyoinunua, aliniambia muuzaji, ni ya kondoo wa Australia. Hilo ndilo lililozua mjadala mpya katika ukoo, kama mlivyoona. Je, joho lililotiwa sufu ya Australia na mkono wa Huangpu lingali la babu? Mimi nauliza lilikuwa la nani kabla. Jina la Kituruki, kondoo wa Mwingereza, kasabu ya Mhindi pengine, mvaaji Mwarabu wa Unguja aliyeota ndoto zake kwa Kiswahili. Sioni tundu la nondo lililo geni kuliko hayo.

Hapa karibu na kwangu lipo hekalu la Mungu wa Bahari ya Kusini, lililoanzishwa mwaka 594, na lina stesheni ya metro yenye jina lake. Mabaharia walikuwa wakilizuru kabla ya kutweka. Kando ya lango lake ipo sanamu ya mtu mgeni ambaye hekaya humwita Daxi. Inasimuliwa kwamba enzi za Tang alikuja kwa jahazi kutoka nchi iitwayo Boluo, akapanda mbegu za fenesi mbele ya hekalu, akasahau saa kwa kuyatazama mandhari, na jahazi likaondoka bila yeye. Alibaki akiuangalia mto hadi kufa kwake. Wenyeji wakamfanyia sanamu iliyoweka mkono juu ya paji la uso, ikitazama baharini. Mahali hapo huitwa hekalu la Boluo hadi leo, yaani la fenesi. Mimi nimekua chini ya mfenesi, kwa hiyo nilikaa pale muda mrefu. Ila nilichokiangalia zaidi ni nguo zake. Uso ni wa kigeni. Vazi ni la ofisa wa Kichina, la heshima, walilomvika wao. Hakuna ajuaye alikuja na nguo gani.

Alikuwapo pia mhamiaji asiye wa hekaya. Katika karne ya 11 aliishi Guangzhou mfanyabiashara tajiri kutoka Omani ambaye vitabu vya Song humwandika Xin Yatuoluo, na humo wataalamu husoma Abdallah. Alikuwa mkuu wa mtaa wa wageni, akapewa cheo cha heshima na mfalme, akajitolea fedha kukarabati ukuta wa mji; fedha zake hazikupokelewa. Naye, tofauti na Daxi, alirejea kwao.

Imebaki rangi. Shangazi anataka matundu yote yazibwe kwa nyeusi, na aniambiavyo shangazi sina budi kutii. Bin-ami wa Toronto, ambaye ameacha habari za fremu, anataka mekundu, yaonekane, ili watoto waulize. Nimewaandikia wote kwamba matundu sita yaliyo wazi nitayaziba kwa nyeusi, na la saba, lililo chini ya ukosi ambapo mvaaji tu ndiye ajuaye, litakuwa jekundu. Ami amekubali. Ameomba pia nimpelekee sindano mbili za kufumia za milimita sita na gramu mia mbili za uzi, rangi ya buluu, sufu tupu, iliyojaribiwa kwa kiberiti. Bin-ami atavichukua Aprili, pamoja na joho.